Gati, Diko au Bustani? Mjadala wa Pwani ya Wete

Wete ni mji wa mteremko. Barabara kuu inashuka kutoka juu ya kilima, inapita maduka ya zamani yenye baraza mbele, kisha inaishia baharini penye gati na maghala. Kwa miaka mingi kila chenye thamani kaskazini ya Pemba kilishuka kwa njia hiyo: karafuu, mbata, boriti za mikoko, abiria wa Tanga na Mombasa. Leo uhai wa mji umepanda juu. Soko liko juu, gari za abiria ziko juu, ofisi ziko juu. Anayeshuka hadi pwani ana shughuli yake maalumu, na akishaimaliza hana sababu ya kukaa.

Mipango ya kuijenga upya bandari ya Wete imetajwa na viongozi mara kadhaa, na tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iuweke mbele uchumi wa buluu mwaka 2020, matumaini yamerudi. Lakini matumaini hayo hayafanani. Yupo anayeota meli kubwa, yupo anayeota bustani ya kupungia upepo jioni, yupo anayetaka kivuli tu, samaki wake wasichomwe na jua. Mjadala huu nimeupanga mwenyewe ili ndoto hizo zikutane uso kwa uso. Wasemaji wanne sikuwapa majina, kwa kuwa hoja walizobeba ni za wengi. Kuna Nahodha mstaafu wa majahazi. Kuna Maalim, msomeshaji wa historia. Kuna Mhandisi, binti wa Wete aliyekwenda kusoma Dar es Salaam akarudi. Na kuna Bi Mkubwa, mchuuzi wa samaki. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

NAHODHA: Nitaanza na maji, maana siku hizi kila mtu anaanza na saruji. Nendeni mkasimame gatini mtazame magharibi. Kuna Fundo, kuna Njao, kuna Uvinje na Kokota. Visiwa hivyo vinaivunja bahari kabla haijatufikia. Chombo kikishaingia ndani, kiwe kimeletwa na kusi au na kaskazi, nahodha anapumua. Hiyo ndiyo sababu ya watu kujenga mji hapa. Na bara si mbali: kisiwa chetu kiko kama kilomita 50 tu kutoka pwani ya Tanga. Tulikuwa tukitweka alfajiri na matlai, na upepo ukiwa mwema jioni tunaswali Tanga. Mzigo wa Wete haukulazimika kwenda Unguja kwanza ndipo uende kwengine duniani.

MHANDISI: Babu, maji yako nayaheshimu, ila mimi pia kazi yangu ni kuyapima. Hori la Wete linapokea tope kila masika. Vilima vya huku vimelimwa mpaka ukingoni, mikoko imekatwa sehemu nyingi, na udongo ukishuka unatua pale pale mnapofunga vyombo. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inafika kama mita 4. Jahazi liliweza kukaa mchangani likangojea maji. Meli ya leo ina ratiba. Ndiyo maana meli zilihamia Mkoani, penye kina. MV Mapinduzi II iliyoletwa 2015 inabeba abiria 1,200. Utaiingiza hapa kwa maji gani? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima. Watu wa idadi hiyo tayari wana Mkoani kwa meli na Wesha kwa mafuta. Tukilichimba hori la Wete leo, tutalichimba tena baada ya miaka michache, na tena, na tena. Nani atalipa?

NAHODHA: Na mzigo ukishushwa Mkoani, nani anailipia gari ya kuuleta Wete, zaidi ya kilomita 50? Na kutoka Wete uende Micheweni? Analipa mwenye kununua kilo moja ya unga dukani.

Hapa wote wawili wana haki, na ndipo midahalo mingi ya bandari inapokwama: mmoja anahesabu gharama ya kuchimba, mwengine anahesabu gharama ya kutochimba, na hesabu hizo mbili haziwekwi kwenye karatasi moja. Gharama ya kuchimba inaonekana kwenye bajeti. Gharama ya kutochimba imetawanyika madukani, senti kwa senti, na hakuna anayeijumlisha.

MAALIM: Naomba niturudishe nyuma, kwa sababu tunazungumza kama kwamba tope ndilo lililoiua Wete. Tope limekuja baadaye. Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Tangu hapo karafuu ya Zanzibar ikawa kwa sehemu kubwa karafuu ya Pemba. Matajiri wa Kiarabu walifungua mashamba makubwa huku, wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka, na kazi nzito ikafanywa na watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, na kwa tabu nyingi hata baada ya hapo. Miji yetu mitatu, Chake Chake, Wete na Mkoani, ilinenepa kwa karafuu. Zilianikwa mashambani, zikaletwa kwa punda na vichwa vya watu, zikapimwa, zikashuka kwenye maghala ya pwani. Ukitaka kujua kwa nini pwani ilikuwa hai, usiulize kina cha maji. Uliza wangapi walikuwa wananunua na wangapi walikuwa wanasafirisha.

MHANDISI: Na wangapi walibaki?

MAALIM: Walipungua hatua kwa hatua. Mwaka 1927 Waingereza waliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu, na miaka ya 1930 wakakipa nguvu za kuikamata biashara, hata Wahindi wakasusia karafuu za Zanzibar kwa muda. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ununuzi ukawa wa serikali peke yake, kupitia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Wengi wa wafanyabiashara wa zamani waliondoka. Kisha Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza. Katika miaka ya 1980 bei ya dunia ikaporomoka. Sasa ona: zao moja, mnunuzi mmoja, na mteja mkubwa mmoja aliyeondoka. Mtu akishuka pwani ya Wete wakati huo alikuta ghala la serikali, mlinzi, na bahari.

NAHODHA: Na boti ya doria. Usiisahau boti ya doria, Maalim.

MAALIM: Siisahau.

NAHODHA: Bei ya serikali ilipokuwa chini na bei ya Mombasa juu, karafuu zilipata miguu. Zilivuka usiku kwenda Shimoni na kwengineko Kenya. KMKM wakawa kazini: hata jina lake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Sikatai, magendo yalikuwepo. Lakini sikilizeni mambo yaliyotupata sisi mabaharia. Kila jahazi likawa mtuhumiwa. Ukipakia ndizi unapekuliwa, ukipakia nazi unapekuliwa, ukichelewa kwa upepo unaulizwa ulilala wapi. Mtoto wa nahodha akiona baba yake anavyosimamishwa, hataki chombo. Huko ndiko ubaharia wa Wete ulikopotelea. Upepo haujabadilika, wala Tanga haijahama.

Neno hili la Nahodha ndilo lililonifanya niuandike mjadala huu, na nalisema bila kuficha upande wangu. Pwani ya Wete haikuharibika kwa uzee. Iligeuzwa. Mahali palipokuwa mlango wa watu wa kaskazini kutokea na kuingilia palifanywa mahali pa kuwazuia, na mahali pa kuzuiliwa hapavutii mtu kujenga duka, kufungua mgahawa, wala kumrithisha mwanawe chombo. Tukilijenga upya gati bila kuubadilisha uhusiano huo, tutapata saruji mpya juu ya shughuli ile ile ya ulinzi.

Ushahidi upo, na ni wa karibu. Mwaka 2011, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, serikali ilipandisha bei ya karafuu hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Mkulima aliyekuwa akiihatarisha roho yake usiku akaona hana haja. Karafuu zikaanza kushuka zenyewe kwenye vituo vya ZSTC. Bei ya haki ilifanya kazi ambayo boti za doria zilikuwa zimeifanya kwa miaka mingi bila kuimaliza. Somo hilo tulilijifunza kwa karafuu, lakini hatujalipeleka kwa bidhaa nyengine wala kwa abiria.

MHANDISI: Sasa tumefika kwenye bandari bubu, na hapa sitakubali kusukumwa. Nahodha, unajua na mimi najua: pwani nzima ya Pemba, kila hori na kila mchanga unaofaa, vyombo vinapakia na kushusha. Hakuna orodha ya abiria, hakuna mizani, hakuna vizibao vya kuokolea maisha. Mnaniambia watu wanaikimbia Wete kwa sababu wanapekuliwa. Na chombo kikizama? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na waliopotea baharini ni wengi kuliko hao. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikuweka matanga. Meli ile ilitoka bandari rasmi, yenye maofisa na sare! Kama uzembe ule ulipita mbele ya macho ya maofisa, nini kinapita kwenye hori lisilo na mtu?

Kimya kilichofuata hakikuwa cha kushindwa. Pemba hakuna anayeitaja meli ile kama hoja tu ya mjadala. Kila aliyesikia ana jina moja au mawili moyoni.

BI MKUBWA: Umesema kweli, mwanangu. Lakini sikiliza na mimi, ambaye chombo kwangu ni nauli na ndoo. Mtu wa Fundo akija Wete kuuza samaki, anateremkia anapoweza kuteremkia. Akifika pwani ya mjini anatafuta kivuli: hakuna cha kutosha. Anatafuta barafu: aipande mlima. Anatafuta maji safi ya kuoshea samaki, na choo kwa mwanamke aliyetoka kwao alfajiri. Halafu anadaiwa ushuru. Ushuru wa nini? Kule kwenye mchanga wa shamba hapati choo wala barafu, lakini wala hadaiwi. Usiwaambie watu bandari bubu ni hatari ukanyamaza. Waambie bandari yenye sauti itawapa nini.

MHANDISI: Usalama, Bi Mkubwa.

BI MKUBWA: Usalama nautaka. Nauliza utakuja na nini mkononi.

Swali la Bi Mkubwa nadhani ndilo kipimo cha mradi wowote utakaoletwa pwani ile. Kampeni za kuzifunga bandari bubu zimekuja na kuondoka, na zinakuja kwa hofu ya kweli: dawa za kulevya, mafuta, bidhaa zisizolipiwa kodi, roho za watu. Lakini zinaanza kwa kufunga. Wete ingeweza kuwa mahali pa kujaribu mwanzo mwengine: ifanye njia rasmi iwe nyepesi kuliko njia ya kificho, kwa fedha na kwa muda, halafu ndipo umlaumu anayeendelea kujificha. Meza moja ya ushuru, iliyo wazi tangu maji ya alfajiri, yenye viwango vilivyobandikwa ukutani ili mtu ajue atalipa nini kabla hajafungua gunia. Mtu wa kuandika abiria. Vizibao vya kukodi kwa bei ya kikombe cha chai. Haya hayahitaji mkopo wa kimataifa.

Maalim alinikatiza hapo, na aliyoyasema yanastahili nafasi.

MAALIM: Watu wakitaja kufufua pwani, wanataja Forodhani ya Unguja. Bustani ile ilifanywa upya na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, ikafunguliwa tena 2009. Imependeza, na wachuuzi wa vyakula waliohamishwa wakati wa ujenzi walirudi na kuwekewa utaratibu. Ukuta wa bahari wa Mizingani nao ukajengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini Forodhani iko ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na kila jioni watalii wanamwagika pale kutoka hoteli za pembeni. Wete haina watalii hao. Ukijenga Forodhani hapa, utajenga viti vya watu waliokwisha kula nyumbani kwao.

BI MKUBWA: Hata hao watakaa, Maalim. Kina mama wa Mtemani, kwenye maghorofa, jioni wapi wataketi na watoto? Usiwanyime upepo kwa sababu si watalii.

MAALIM: Siwanyimi. Nasema bustani isitangulie. Tena tazama Chake Chake. Mji ule ulikaa juu ya hori, vyombo vilipanda na maji mpaka chini ya kilima. Hori likajaa tope, mikoko ikaziba, mji ukageuka ukatazama barabara. Hata ngome yake kongwe, sehemu kubwa ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 ili hospitali ijengwe, na kilichobaki ndicho makumbusho sasa. Mgeni anaweza kulala Chake siku tatu asijue kwamba amelala kwenye mji wa bahari. Wete inaelekea huko huko, ila haijafika. Hapa bahari bado inaonekana kutoka barabarani.

NAHODHA: Na Mtambwe je? Wafundishe, Maalim.

MAALIM: Mtambwe Mkuu iko mbele yetu, ng'ambo ya maji. Maji yakipwa unaifikia kwa miguu. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya. Ni za karne ya 11. Sarafu za fedha zilikuwa ndogo mno, zimepigwa majina ya watawala wa pwani yetu, tena kwa maneno mafupi yenye vina: upande mmoja unaitika upande mwengine. Fikirini: miaka 900 na zaidi iliyopita, kwenye hori hili hili, watu walikuwa na fedha ndogo ndogo ya kununulia vitu vidogo vidogo. Sarafu ya hivyo haitumiki kumlipa sultani kodi tu. Ni fedha ya sokoni. Wanafunzi wangu nikiwapeleka pale nawaonyesha mikoko na vifusi, na nawaambia kwamba pwani hii ilikuwa tajiri kabla ya karafuu, kabla ya Waarabu wa Oman, kabla ya Wareno. Utajiri wake ulikuwa wa watu wengi kununua na kuuza.

Sijawahi kusikia hoja bora ya kutetea biashara ndogo ya baharini kuliko zile sarafu. Wanaopanga bandari hupenda kupanga kwa makontena, na kwa kontena Wete itashindwa daima: Malindi ya Unguja yenyewe, yenye meli zote, imeelemewa kwa miaka mpaka Mangapwani ikapangiwa bandari mpya. Wete ikipimwa kwa kipimo hicho itaonekana mzigo. Ikipimwa kwa idadi ya watu wanaopata riziki kwa kila mita ya ufukwe, nadhani itawashangaza waliopima.

MHANDISI: Basi niwape mimi kitu, maana mmenigeuza adui na mimi ni mtoto wa hapa. Tanga wamechimba. Zamani meli zilitia nanga mbali huko nje, mzigo ukaletwa kwa matishari. Sasa njia imechimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13 na magati yamejengwa upya, kwa zaidi ya shilingi bilioni 400. Tanga inayopokea meli kubwa ni jirani mpya kwetu. Mzigo wa saruji, mbolea, unga, hauna haja ya kwenda Dar es Salaam, kisha Unguja, kisha Mkoani, kisha Wete kwa gari. Unaweza kuvuka mlangobahari moja kwa moja kwa chombo cha wastani. Chombo cha wastani hakihitaji mita 13. Kinahitaji gati imara lenye ngazi za maji yote, kujaa na kupwa, taa, boya za njia, na kuchimba kidogo mahali panapostahili. Hilo naweza kulichora na kulihesabia. Lile la kuleta Mapinduzi II hapa, nisingelitia saini.

NAHODHA: Sikukuomba Mapinduzi II, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyeitaja.

MHANDISI: Kila mkutano wa hadhara wanaitaja!

NAHODHA: Wanataja kwa sababu wamezoea kuahidiwa vikubwa. Mimi nataka chombo cha tani 50 kiweze kutoka Wete kwenda Tanga leo, kirudi kesho, na mwenye nacho asijione mwizi. Na huko Tanga bidhaa zetu zisitozwe tena kama zimetoka nchi nyengine.

Hapo Nahodha amegusa kidonda cha zamani cha Muungano: malalamiko ya wafanyabiashara wa Zanzibar kwamba bidhaa zao hutozwa mara ya pili zinapoingia bara. Vikao vingi vya serikali mbili vimelijadili. Ila kwa Wete jambo hili si la siasa za juu. Ndilo linaloamua kama njia fupi kuliko zote, ya Tanga, itakuwa na faida au haitakuwa. Gati la Wete linaweza kujengwa kwa uzuri wote likabaki tupu kwa sababu ya fomu moja inayojazwa ng'ambo.

Tena bahari hii haijawahi kuwa na upande mmoja. Wapemba wamevuka kwenda Tanga, Vanga, Shimoni, Kilifi kwa vizazi, wakifuata samaki na kupiga kambi za dago. Mwaka 2023 Kenya iliwatambua rasmi Wapemba waliokuwa wakiishi pwani yake miaka mingi bila uraia. Watu wale walikuwa wameshaunganishwa na maji. Karatasi ndiyo iliyochelewa. Wete ni ya kuchorwa pamoja na jamaa zake wa ng'ambo. Ikichorwa kama mwisho wa barabara inayotoka Chake, ramani yenyewe inaisaidia kufa.

BI MKUBWA: Mnapanga vizuri. Sasa niambieni samaki na mwani viko wapi kwenye mchoro. Mwani wa Zanzibar sehemu kubwa unatoka Pemba, na wanaoulima ni wanawake, magotini ndani ya maji. Wamejengewa kiwanda Chamanangwe, wilaya hii hii ya Wete. Dagaa wetu wakavu wananunuliwa mpaka Kongo. Vyote hivyo vinahitaji pwani. Lakini mradi ukija, tunaambiwa: mama, hapa patajengwa, kaeni pembeni kwa muda. Muda huo ukiisha, vibanda vimeshapangishwa watu wa mjini wenye vitambulisho vya kampuni. Mimi sipingi bustani wala gati. Naogopa pazuri. Pakishapendeza panapata wenyewe.

MHANDISI: Hilo linaweza kuandikwa kwenye masharti ya mradi.

BI MKUBWA: Limeandikwa wapi likafuatwa?

MHANDISI: Forodhani wachuuzi walirudi.

BI MKUBWA: Walirudi kwa kuwa wageni wanawataka wakae pale wapige picha. Mimi na dagaa wangu, nani atatutaka? Tunanuka.

Mhandisi hakujibu mara moja, na mimi sioni jibu rahisi. Miji ya pwani duniani kote imefufua kando ya maji kwa kuwaondoa waliokuwa wakifanya kazi pale, kwa sababu kazi ya baharini ina harufu na kelele, na nyumba zenye mandhari ya bahari zina bei. Wete haijafika huko. Ardhi yake ya pwani haijawa dhahabu. Ndiyo maana huu ndio wakati wa kuliandika jambo hili, kabla thamani haijapanda. Diko, yaani mahali pa kushushia na kuuzia samaki, liwe sehemu ya bandari kwa sheria, kwa mita zilizopimwa, lenye jokofu, maji na vyoo, na kamati yake iwe na wanawake wanaouza wenyewe. Bustani ije, watoto wa Mtemani wanaihitaji, lakini ije kando ya diko, isije juu yake.

NAHODHA: Mimi bado neno moja. Vijana hawajui tena kujenga chombo. Mkijenga gati, acheni sehemu ya mchanga ya mafundi. Chombo kisichotengenezwa hapa kitasubiri fundi wa Tanga.

MHANDISI: Mchanga wa mafundi, mita ngapi?

NAHODHA: Vyombo vitatu viweze kulala ubavu kwa ubavu, na njia ya kupita kati yake.

MHANDISI: Naandika. Na nyinyi pia nataka ahadi yenu. Mkipewa gati, diko na mchanga, abiria wataandikwa kila safari, na chombo kisichokuwa na vizibao hakitatoka. Hata kama nahodha wake ni shemeji yako. Hata kama ni usiku wa sikukuu.

NAHODHA: Hata kama ni mimi.

BI MKUBWA: Na kabla ya ramani, njoo pwani asubuhi, mwanangu, maji yakijaa, na daftari. Uandike kila mtu anayefanya kazi pale: mvuvi, mchuuzi, hamali, muuza chai, fundi, mvushaji wa Mtambwe. Orodha hiyo ibandikwe kwa sheha na baraza la mji, tuisome. Aliyesahauliwa aongezwe. Halafu chora.

MHANDISI: Nitaanza kesho. Maji yanajaa saa ngapi?

NAHODHA: Njoo saa kumi na mbili.